Anza Upenuni, Malizia Kileleni: Namna ya Kutoa Joto Lililofungwa Darini

Saa tatu usiku, jua limezama zamani na nje kuna upepo wa bahari, lakini chumbani hakulaliki. Feni inazunguka na kukurudishia hewa ileile ya moto. Ukisimama kitandani na kunyoosha mkono, unahisi joto likishuka kutoka darini. Kama nyumba yako imeezekwa kwa bati, ina dari ya jipsamu au mbao, na iko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au mji mwingine wowote wa pwani, hali hii unaijua vizuri, hasa kuanzia Desemba hadi Machi. Wengi huongeza feni ya pili. Wenye uwezo hufunga kiyoyozi na kuanza kulipa umeme wa kupambana na paa lao wenyewe.

Kabla ya kufika huko, ipo kazi ambayo fundi wa kupaua anaweza kuifanya kwa vifaa vya kawaida: kufungua njia ya hewa kwenye kilele cha paa, chini ya kofia (lile bati linalofunika kilele), ili hewa ya moto itoke bila mvua kuingia. Kazi hii ikishindwa, mara nyingi kosa haliko juu. Watu hufungua kilele wakasahau kufungua upenu, na hewa haitoki mahali ambapo nyingine haiingii. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini.

Joto linaingiaje, na kwa nini halitoki

Huku kwetu karibu na ikweta, jua la mchana hulipiga paa kuliko kuta. Dar es Salaam jua la adhuhuri hupita utosini mwanzoni mwa Machi, na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba. Siku ya jua kali, bati la rangi iliyokoza linaweza kuvuka nyuzi 60 za Selsiasi.

Kutoka hapo joto hushuka kwa njia mbili. Kwanza, bati huipasha moto hewa iliyo chini yake. Pili, bati hurusha joto moja kwa moja hadi kwenye dari kwa mnururisho, kama jua linavyokufikia usoni ukiwa umesimama kwenye upepo. Zitenganishe njia hizi mbili kichwani, kwa sababu kofia ya kutolea hewa hutibu ya kwanza. Ya pili ina dawa yake, tutaifikia.

Hewa iliyopata moto huwa nyepesi na kupanda hadi chini ya kilele. Kwenye nyumba ya makuti haikuwa na shida: kuta nyingi hazikufika paani, na makuti yenyewe hupenyeza hewa. Bati halipenyezi. Ukiweka na dari ya jipsamu chini, ukazungushia fishabodi na kuziba upenu kwa mbao au simenti, hewa ya moto imekosa pa kutokea. Inabaki pale hadi usiku, ikiendelea kuipasha dari.

Ukiweka tundu chini na jingine juu, mambo hubadilika. Hewa ya moto hutoka kileleni, na ile ya nje, ambayo haina joto kama hilo, huvutwa kupitia upenuni. Kadiri matundu hayo mawili yanavyoachana kwa urefu wa kwenda juu, na kadiri darini panavyozidi nje kwa joto, ndivyo mvuto unavyokuwa na nguvu. Upepo unaopita juu ya kilele nao husaidia kuinyonya hewa.

Kagua darini kabla ya kumwita fundi

Panda darini asubuhi mapema, kabla bati halijapata moto. Kanyaga juu ya mbao za kenchi tu. Jipsamu haibebi mtu. Angalia nyaya za umeme kabla ya kushika chochote.

Ukishatulia, zima tochi. Mwanga wa nje ukionekana kuzunguka ukingo wa chini wa paa, upenu wako una upenyo. Pakiwa giza tupu, umeziba. Washa tochi tena, utazame mambo manne:

1. Misumari na skrubu zenye kutu, au mbao za kenchi na papi zenye madoa meusi ya ukungu. Hizo ni dalili za unyevu usiotoka.

2. Bomba la feni ya choo au la moshi wa jikoni linaloishia darini. Lipitishwe hadi nje, hata kama hutaweka kofia mpya. Mvuke na mafuta havina kazi darini.

3. Nyufa na matundu kwenye dari yenyewe, hasa kuzunguka taa na mlango wa kupandia. Ziba. Usipoziba, kilele kitavuta hewa kutoka vyumbani badala ya upenuni, na kama una kiyoyozi, utakuwa unapoza anga.

4. Kinyesi cha popo, viota vya ndege au vya nyigu. Vinakuonyesha ni tundu lipi lililo wazi bila wavu.

Chukua pia vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja kiweke darini, mbali na bati, kingine nje kivulini. Visome asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, kisha uandike. Namba hizo ndizo utakazozitumia kuipima kazi ya fundi baadaye.

Si kila paa linafaa

Paa la mgongo wa tembo, lenye pande mbili na kilele kinachokwenda urefu wote wa nyumba, linaifaa kazi hii kuliko yote. Lina nafasi ndefu ya kutolea hewa na upenu mrefu wa pande zote mbili.

Paa la pande nne lina kilele kifupi. Nyumba ya mita 12 kwa 9, ikiwa pande zote zina mwinamo sawa, hubaki na kilele cha mita 3 tu. Hapo kofia peke yake haitoshi. Utahitaji kuongeza matundu ya kutolea hewa kwenye sehemu za juu za paa, karibu na kilele na yote kwa usawa mmoja. Kama nyumba bado inajengwa, mwombe fundi ainue pembetatu ndogo kila mwisho wa kilele, aifunge kwa luva na wavu.

Paa lenye mwinamo wa chini ya nyuzi 14 hivi ni la kuogopa. Mvua yenye upepo hupanda bati kwa urahisi na kuingia chini ya kofia. Na lile paa la kuficha nyuma ya ukuta, ambalo siku hizi limeenea mijini, mara nyingi halina kilele cha namna hii kabisa. Lenyewe hutolewa hewa kupitia matundu ya kwenye ukuta unaolificha.

Piga hesabu

Kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi nchini Marekani hutaka eneo wazi la kupitisha hewa liwe angalau sehemu 1 kwa 150 ya eneo la dari. Huruhusu lishuke hadi 1 kwa 300 endapo matundu yamegawanywa karibu nusu kwa nusu, juu na chini. Hali ya hewa ya kule si yetu, lakini kipimo hicho ni mahali pazuri pa kuanzia. Kichukue kuwa kiwango cha chini, si kikomo.

Tuchukue nyumba ileile ya mita 12 kwa 9, sasa ikiwa na paa la mgongo wa tembo. Eneo la dari ni mita za mraba 108. Gawa kwa 300, unapata 0.36. Nusu yake, yaani 0.18, iwe kileleni, na nusu nyingine iwe upenuni.

Hapo ndipo wengi hukosea. Eneo linalohesabiwa ni lile ambalo hewa inapita kweli, na wavu hula sehemu kubwa ya tundu. Kwa usalama, hesabu kwamba wavu wa mbu unakubakizia nusu tu.

Kilele kina mita 12. Acha sentimita 30 kila mwisho bila kufungua, unabaki na mita 11.4. Ukiacha mwanya wa milimita 20 kila upande wa kilele, jumla ni milimita 40. Zidisha: 11.4 mara 0.04 ni 0.456. Toa nusu ya wavu, unabaki na takriban 0.228. Imezidi 0.18 tuliyohitaji, na ziada hiyo si mbaya.

Upenu sasa lazima ulingane na kilele au ukizidi. Ukiukata upenu vipande vya sentimita 15 kwa 40 na kuvifunika kwa wavu, kila kimoja kina mita za mraba 0.06. Vipande 10, vitano kila upande, ni 0.6, baada ya wavu ni 0.3. Chini ni 0.3, juu ni 0.228. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Juu kukizidi chini, kilele hutafuta hewa mahali pengine: kwenye nyufa za dari, au upande mmoja wa kofia ukaingiza hewa, pamoja na mvua, ili upande wa pili utoe.

Kazi ya upenu

Upenu ufunguliwe kabla ya kilele kuguswa. Kata nafasi kwenye dari ya nje, upande wa chini unaotazama ardhi, kwa umbali sawa kutoka moja hadi nyingine. Zisikusanyike kwenye kona moja. Pande zote mbili ndefu za nyumba zipate sawa.

Kila nafasi ifungwe wavu, na hili si jambo la mapambo. Mbu aina ya Anopheles gambiae, anayeeneza malaria, hupenda kuingia ndani kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Hofu hiyo ni moja ya sababu za watu kuziba penu zao. Wavu hutatua yote mawili: hewa ipite, mbu abaki nje. Chagua wenye matundu yasiyozidi milimita 1.5, wa alumini au wa nyuzi za glasi. Wavu wa chuma cha kawaida hauishi muda mrefu karibu na chumvi ya bahari. Ubane kwa vipande vyembamba vya mbao na skrubu, ili siku ya kuusafisha uufungue bila kuuchana.

Kisha rudi darini uhakikishe kuwa njia iko wazi kutoka kwenye nafasi hizo hadi ndani. Mara nyingi tofali za juu ya ukuta zimejengwa hadi kulibana bati, au mafundi waliacha mabaki ya mbao na simenti pale. Nafasi ya upenu isiyofika darini ni pambo tu.

Kazi ya kileleni

Mafundi wapande asubuhi, siku isiyo na upepo wala dalili ya mvua, wakiwa na kamba za usalama. Wakanyage kwenye mistari ya skrubu, ambako chini yake kuna papi. Bati la saa sita huunguza, na lenye umande huteleza. Muda mzuri ni kati ya hizo mbili.

1. Ondoa kofia za zamani kwa kufungua skrubu. Zikiwa za misumari, zing'oe polepole ili matundu yasipanuke. Ziba kwa silikoni ya nje kila tundu ambalo halitatumika tena.

2. Angalia mwanya uliopo kati ya mabati ya pande mbili. Kwenye paa la papi bila mbao za kufunika, mwanya mara nyingi upo tayari na kazi ni kuusawazisha tu. Kama mabati yamekutana, yapunguze hadi upate milimita 20 kila upande. Tumia mkasi wa bati. Cheche za grainda huunguza rangi na kuacha chembe za chuma zitakazoanza kutu ndani ya wiki chache.

3. Acha sentimita 30 za kila mwisho wa kilele zikiwa zimefungwa. Sehemu hizo ndizo hupigwa zaidi na mvua ya upepo.

4. Kunja kwa koleo ncha za juu za mifereji ya bati, zitazame juu. Ukingo huo mdogo huyarudisha maji yanayosukumwa na upepo kupanda paa. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa kuwa haionekani ikishafunikwa. Isimamie kwa macho yako.

5. Weka ukanda wa kupitishia hewa kila upande wa kilele. Upo wa plastiki ngumu uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiukosa, fundi bati anaweza kukukunjia mkanda wa alumini wenye matundu na kuuwekea wavu kwa ndani. Mwanya wa ukanda usiwe mdogo kuliko ule wa milimita 20, ama sivyo hesabu yote inapotea. Chini ya ukanda, mifereji ya bati izibwe kwa sponji lililokatwa kwa umbo lake.

6. Rudisha kofia juu ya ukanda. Ishuke angalau sentimita 15 kila upande wa kilele, na ukingo wake wa nje ukunjwe kidogo kwenda chini ili upepo uugonge na kupita juu badala ya kupiga tundu moja kwa moja. Kofia ya zamani ikiwa nyembamba, agiza pana zaidi. Usiinyooshe ile iliyopo.

7. Funga kwa skrubu zenye mpira, zikipita kwenye mgongo wa bati hadi kwenye papi. Usikaze hadi mpira ukapasuka. Kofia zinapopandana, anza mwisho ulio mbali na upepo wa mvua, ili mdomo wa mpando usiutazame upepo huo.

Karibu na bahari, nunua kofia za alumini au za bati lenye mchanganyiko wa alumini na zinki, na skrubu zisizopata kutu haraka. Kofia ikioza kabla ya paa, umelipia kazi mara mbili.

Usichanganye njia

Kosa linalofanywa kwa nia njema ni kuongeza matundu mengi ya aina tofauti. Nyumba ina luva kwenye kuta za pembetatu, ikawekewa kofia ya hewa, kisha ikaongezewa vile vifaa vya duara vinavyozungushwa na upepo juu ya paa. Hewa hufuata njia fupi: itaingia kwenye luva na kutoka kwenye kofia iliyo karibu nayo, huku joto la sehemu nyingine ya dari likibaki palepale. Ukishaweka kofia ya kilele, ziba luva hizo kwa ndani na uondoe vizungushi. Feni ya umeme ya kunyonya hewa darini nayo isifanye kazi pamoja na kofia. Itavuta hewa, na hata mvua, kupitia kileleni.

Kazi ambayo hewa haiwezi

Turudi kwenye joto la mnururisho. Hata darini pakipita hewa vizuri, bati lenye nyuzi 60 litaendelea kuirushia dari joto. Dawa yake ni karatasi ya foili ing'aayo, ifungwe chini ya papi, upande unaong'aa ukitazama chini, kukiwa na nafasi ya hewa isiyopungua milimita 25. Usiitandaze juu ya dari. Vumbi likishaifunika, mng'ao hauna kazi. Iishie kabla ya kilele ili isizibe mwanya uliokwishaufungua, na isishuke kufunika nafasi za upenu. Njia nyingine ni kulipaka paa rangi nyeupe ya kurudisha jua, na kuliosha kila linapochafuka.

Kwenye nyanda za juu, kama Njombe, Iringa au Limuru, shida inaweza kuwa nyingine: usiku wa baridi na anga safi, bati hupoa kuliko hewa na matone huning'inia chini yake hadi alfajiri. Kupitisha hewa husaidia kuondoa unyevu uliopanda kutoka vyumbani. Usihofu kwamba nyumba itakuwa ya baridi; dari ikiwa imezibwa vizuri, ubaridi wa juu unabaki juu.

Pima kazi kabla ya kumaliza malipo

Kuna majaribio matatu, na yote unaweza kuyafanya mwenyewe.

La moshi: mchana wa jua usio na upepo, simama nje chini ya upenu na kijiti cha udi kilichowashwa. Moshi uvutwe kuingia kwenye wavu. Ukitawanyika au ukisukumwa nje, njia ya ndani imeziba, au juu hakutoi. Usipande na moto darini.

La maji: fundi apulize maji kwa mpira wa bustani kwenye kofia kwa dakika kadhaa, akiyatoa upande ambao mvua ya upepo huja kwako. Wewe uwe darini na tochi. Fanya hivi kabla ya masika, maana mvua ya masika haisubiri fundi arudi.

La joto: rudisha vipimajoto mahali pale pale, usome saa zile zile, katika siku inayofanana na ile ya mwanzo. Mchana darini patabaki na joto kuliko nje, hilo lisikushtue. Tazama zaidi namba ya saa tatu usiku. Tofauti kati ya darini na nje ikiwa imepungua wazi, kazi imefaulu. Ikiwa vilevile, kagua upenu kwanza.

Baada ya hapo, brashi ya mkono kwenye nyavu za upenu kabla ya kiangazi, na jicho kileleni baada ya kila msimu wa upepo mkali, vinatosha. Na kama mwaka huu una pesa ya nusu ya kazi tu, fungua penu za pande zote mbili na kuzifunga wavu. Upepo utaingia huku na kutokea kule, na dari itaanza kupata nafuu. Kofia inaweza kungoja. Ikiwekwa kabla ya upenu, itakuwa imekula pesa bure.